Sefu la kale: litambue kwanza, ulisafishe baadaye
Kabla ya kushika msasa, tafuta jina la mtengenezaji (Chubb, Milner, Mosler, Diebold) mlangoni, na namba iliyogongwa kwenye ukingo wa mlango au kufuli. Usitoboe kuta, masefu mengine yamejazwa asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu). Rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo usiikwangue kavu. Ilowanishe, sugua kwa msasa wa maji sehemu ndogo ndogo, maana chini yake mara nyingine kuna maandishi ya dhahabu.

Kufuli ndilo huharibiwa zaidi. Usilipulizie oili: hunasa vumbi, magurudumu madogo ya ndani ya kufuli yakaganda. Fungua kifuniko cha nyuma ya kufuli, futa grisi iliyokauka, paka mpya kiasi kidogo sana. Jaribu namba za siri mara 3 mlango ukiwa wazi, ndipo uufunge.