Video za malipo ya kesi: uliza fungu lina kiasi gani
Ndugu zangu mlioko Marekani, video ikikutajia utakacholipwa kwenye kesi ya pamoja (watu wengi wakiidai kampuni moja), tafuta kwanza fungu lenyewe la fedha za malipo lina kiasi gani na wadai ni wangapi. Kesi ya Equifax mwaka 2019, kampuni ya kumbukumbu za mikopo iliyovujisha taarifa za watu, watu walishikilia dola 125 kwa kila mmoja, kumbe fungu la malipo hayo lilikuwa dola milioni 31 tu, na walioathirika takriban milioni 147! Maombi yalipofurika, FTC yenyewe, shirika la serikali ya Marekani la kulinda walaji, ikatangaza kuwa kila mtu atapata kidogo mno.

Msikilize pia anayeongea kwenye video kama anataja jina la kesi, mahakama, na iwapo jaji ameshaidhinisha makubaliano. Viungo vya chini ya video msiviguse. Na akiomba ada ili ulipwe, huyo ni tapeli.