Kununua mabomba na valvu za mafuta mtandaoni: kagua na chuma chenyewe

Bomba la mafuta ghafi la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linapita Kondoa na Chemba, na hapa Dodoma naulizwa sana kuhusu zabuni za vifaa vya mafuta. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Kamilisha maelezo ya kiufundi kabla ya kutangaza. Iwe NeST (mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni) au mfumo wa kampuni binafsi, wazabuni watashindana kwa bei, na usichokiandika hutakipata. Ukiandika “bomba API 5L X52” (API 5L ni kiwango cha mabomba cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, X52 ni daraja la nguvu ya chuma) ukaishia hapo, utaletewa PSL 1, ngazi ya chini ya masharti ya ubora, na mzabuni hatakuwa amekudanganya. PSL 2 ndiyo inayolazimisha jaribio la Charpy, linaloonesha kama chuma kitahimili pigo bila kupasuka.

Hatua ya 2: Taja aina ya cheti cha ukaguzi wa chuma, kwa kufuata kiwango cha Ulaya EN 10204. Aina ya 3.1 husainiwa na mkaguzi wa kiwanda asiye chini ya idara ya uzalishaji. Kwenye 3.2 mkaguzi wa nje naye husaini. Aina ya 2.1 ni tamko tupu, halina majibu ya vipimo.

Hatua ya 3: Valvu ikiwa na nembo ya API, itafute namba yake ya leseni kwenye orodha ya API mtandaoni. Leseni iwe ilikuwa hai siku valvu ilipotengenezwa.

Hatua ya 4: Mzigo ukifika stoo, usisaini mapokezi kwanza, hata kama dereva anapiga honi getini. Soma hiti namba (namba ya mkupuo wa chuma kilichoyeyushwa pamoja) iliyogongwa kwenye kila flenji, yaani pete ya chuma ya kuungia mabomba, ilinganishe na ya kwenye cheti. Cheti kimoja huweza kunakiliwa kwa mizigo mingi. Namba zisipooana, flenji hiyo iweke kando. Pitisha kidole pia: namba iliyosagwa na kugongwa upya huacha kibonde.

Bunduki ya XRF, kifaa cha mkononi kinachosoma elementi zilizomo kwenye chuma kwa eksirei, inafaa kwa chuma cha pua. Chuma cha 316 kioneshe molibdeni asilimia 2 hadi 3. Cha 304 hakina, labda chembe tu. Ila bunduki hiyo haisomi kaboni. Anayedai amethibitisha flenji ya A105 (chuma cha kaboni) kwa XRF peke yake, mwulize kaboni kaipimaje. Hapo peleka sampuli maabara.

Hatua ya 5: Pakia picha za namba kwenye faili la mkataba kabla malipo hayajaidhinishwa. Kilichokataliwa kikataliwe kwa maandishi, ndani ya muda wa mkataba. Kumpigia muuzaji simu hakutoshi.