Kilomita 10 bila kukata pumzi: anza kwa kusalimia
Kwanza tafuta bodaboda. Sina saa ya kupima mwendo, kwa hiyo nilipanda nyuma ya kijana mmoja wa kijiweni kwetu Isevya, hapa Tabora, nikamwambia ahesabu kilomita 5 kuanzia getini kwangu. Hakikisha geji yake ni nzima. Ya yule wa kwanza ilikuwa imekufa zamani, na aliniambia tukiwa tumeshafika mbali. Kilomita 5 zangu zinaishia kwenye mwembe. Nikienda na kurudi nimepata 10.

Sasa mwendo, maana hapo ndipo wengi tunapoharibu. Mashindano yangu ya kwanza nilikuwa na miaka 46. Nilitoka mbio kama nimeibiwa kuku. Kilomita ya 7 nikawa natembea, akanipita mzee mmoja aliyevaa katambuga, akanipa pole kabisa: "Pole mwalimu, jua kali." Wala jua halikuwa kali.

Kosa langu lilikuwa kumwiga Juma Ikangaa, Mtanzania mwenzetu wa mbio za marathoni. Sisi wa rika langu tulikua tukimsikia redioni, mtu wa kushika mbele mapema na kuwaburuza wenzake. New York 1989 ilimlipa: alishinda kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile wakati huo. Lakini Boston alikuwa wa pili miaka 3 mfululizo, 1988 hadi 1990, na mwaka ule wa kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimzidi sekunde 1 tu. Mbio za namna ile zinataka mapafu ya Ikangaa. Mimi na wewe hatuna.

Tumwige Alphonce Simbu, mtoto wa jirani zetu Singida. Tokyo, Septemba 2025, kwenye marathoni, alivumilia hadi ndani ya uwanja, akamkamata Mjerumani Amanal Petros mstarini penyewe. Wote walipewa 2:09:48, ikabidi picha iamue: sekunde 0.03. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Gawanya muda ule kwa kilomita 42.195, unapata kama dakika 3 na sekunde 5 kila kilomita. Jaribu kwenda hivyo mita 200 tu, kisha uniambie.

Kwa hiyo, kwenda mwembeni, kipimo chako ni salamu. Tabora huwezi kumpita mtu mzima kimya. Sema "Shikamoo mama", naye hataishia kwenye marahaba: atauliza hujambo, watoto, nyumbani, huku wewe unazidi kwenda. Ukiweza kujibu yote bila kuhema, mwendo ni sawa. Jibu likikatika kwenye "watoto", umezidisha, punguza. Ukikutana na bibi wa "wangaluka", mjibu kwa Kinyamwezi, usijifanye unakimbilia medali.

Kurudi ndiko kwa kukaza. Ukitaka kumaliza kwa saa 1, nenda kwa dakika 31, rudi kwa 29. Hizo 2 utaziona ndogo mpaka uzitafute.

Kwa wiki siku 4 zinatosha. Tatu ni za salamu. Ya nne tumia nguzo za umeme: tatu kasi, tatu polepole, kwa dakika 20. Septemba na Oktoba uwe barabarani saa 11:30 alfajiri, la sivyo jua litakukuta kwenye mchanga. Viatu vya mtumba havina shida, ila vikunje kwanza; soli ikipasuka mkononi, barabarani itafanyaje? Kabla ya kutoka mimi hula vipande viwili vya matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Maharage ya usiku, hapana. Usiniulize nimejuaje.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa dakika 30, nikarudi kwa 28. Karibu na nyumbani mama muuza maandazi akapaza sauti, "Mwalimu, leo hunisalimii?" Nikainua mkono tu.