Jinsi ya kufungua paketi za WiFi yako kwenye Wireshark mpaka uone kilichomo

Wakuu, watu wengi wananasa WiFi yao kwa Wireshark (programu ya kunasa na kusoma paketi, yaani vipande vya data vinavyopita kwenye mtandao) halafu wanakata tamaa, skrini imejaa 802.11 na QoS Data tu, yaani data ya WiFi ambayo bado imefungwa. Programu haina shida, ila hapo kuna kufuli mbili, ya kwanza pasiwedi ya WiFi, ya pili poti (namba ya mlango ambao programu inapokelea data). Na fanya kwenye mtandao wako au uliopewa ruhusa, ya jirani achana nayo kabisa.

Kadi ya WiFi ya kompyuta iweke kwenye monita modi (inasikiliza paketi zote zinazopita hewani), kwenye Linux ni sudo airmon-ng start wlan0 6, hiyo 6 ni chaneli ya raouta yako. Kadi za ndani ya laptopu nyingi zinagoma, tafuta ya USB inayokubali.

Kisha ingia Edit, Preferences, Protocols, IEEE 802.11, weka tiki kwenye Enable decryption, halafu kwenye Decryption keys ongeza mstari wa wpa-pwd, unaandika pasiwedi, nukta mbili, jina la WiFi, mfano maembe2024:Nyumbani, na herufi kubwa na ndogo zisipishane.

Hapa ndo wengi wanakwama. Pasiwedi peke yake haitoshi, maana kila kifaa kikijiunga kinapeana meseji 4 na raouta na funguo yake inatokea humo, kwahiyo ukianza kunasa wakati simu imeshajiunga umechelewa. Zima WiFi ya simu, washa tena huku unanasa, andika eapol (jina la hizo meseji) kwenye filta uhakikishe zipo 1 mpaka 4. Raouta ikiwa kwenye WPA3 hii njia haikubali, irudishe WPA2 kwa muda wa kupima tu.

Sasa poti. Mimi nina sensa ya joto kwenye banda la kuku, inatuma MQTT (protokoli ya vifaa vidogo kutumiana meseji), ila sava niliiweka poti 18830 badala ya 1883 ya kawaida. Wireshark kwa MQTT inategemea namba ya poti, ikaandika TCP basi. Bofya paketi kitufe cha kulia, chagua Decode As, utaona mstari wa TCP port, angalia sana pale kwenye Value iwe 18830, siyo poti ya upande wa sensa maana ile inabadilika kila ikijiunga upya, halafu kwenye Current chagua MQTT. Bonyeza Save, ukibonyeza OK tu ukifunga programu imesahau. Ukiona Malformed Packet zimejaa ujue umeipa protokoli siyo yake, futa ule mstari. Na kama sava inatumia TLS (usimbaji unaoficha data njiani), Decode As haivunji usimbaji, utabaki unaona TLS tu.

Andika mqtt kwenye filta, gusa Publish Message, tazama chini kwenye zile baiti: 33 31 2e 35, na ubavuni imeandikwa 31.5. Hilo ndo joto la banda.