Kula Baada ya Upasuaji wa Tumbo, kwa Chakula cha Jikoni Kwetu

Siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali, Dar es Salaam, nilipewa karatasi mbili za chakula. Humo mlikuwa na brokoli, jibini laini, samaki wa kopo, na unga wa protini ambao bei ya kopo moja ingeninunulia changu wa wiki nzima. Mimi ni mpishi wa shughuli, nakaa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wa 19 napikia harusi, maulidi na hitima. Nilipofika nyumbani nilishika kalamu, na kila kisichopatikana sokoni kwetu nikaandika pembeni kinachoweza kushika nafasi yake. Niliporudi kliniki nilimpa mtaalamu wa lishe aipitie. Alifuta vitu viwili, tui zito na uji wenye sukari, mengine akayaacha. Ninayoandika hapa yametoka kwenye karatasi hiyo na kwenye miaka miwili ya kuishi nayo.

Nilifanyiwa baipasi ya tumbo, upasuaji wa kupunguza uzito na kudhibiti kisukari. Mfuko wa chakula uliobaki ulikuwa na ukubwa wa yai, na chakula hakipiti tena sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Wapo wenzangu waliokatwa sehemu kubwa ya mfuko ukabaki mrija kama ndizi. Mengi ya hapa yatawafaa na wao pia. Pale ratiba ya daktari wako inapopishana na yangu, shika ya daktari wako.

Kikombe cha kahawa na kete 25

Wiki za mwanzo kazi kubwa ni kunywa. Huwezi kugida glasi ya maji. Ukijaribu, kifua kinakaza kama umemeza jiwe. Nilichukua kile kikombe kidogo kisicho na mkono, cha kahawa chungu, nikakipima kwa bomba la sindano: kinachukua mililita 60. Kikombe kimoja kwa robo saa, funda dogo dogo. Vikombe 25 vinatimia lita moja na nusu, na hicho ndicho kiwango nilichoambiwa nisishuke chini yake.

Kichwa kinasahau hesabu, hasa kama dawa za maumivu zinakulevya. Nilichukua kete 25 za bao la marehemu baba, nikaziweka kwenye bakuli moja. Kila nikimaliza kikombe, nahamisha kete kwenye bakuli la pili. Mume wangu akipita anatazama mabakuli, anajua nimefika wapi bila kuniuliza. Siku za kwanza sikufikisha 25. Nilifika 14, kesho yake 17. Ukiona mkojo wako mweusi kama chai kavu na kichwa kizito, ujue kete zimelala.

Wiki ya kwanza nilikunywa vyepesi tu: maji, chai ya tangawizi isiyo na sukari, na supu ya kichwa cha changu iliyochujwa kwa kitambaa. Ichemshe kwa kitunguu thomu, tangawizi, chumvi kidogo na tone la limau. Pilipili iache kabisa. Wiki ya pili yakaingia maziwa, mtindi usio na sukari, na uji wa ulezi mwepesi niliokorogea maziwa ya unga ili uongezeke protini. Ya tatu na ya nne ni rojo: samaki na mchicha kwenye blenda, maharage yaliyopitishwa kwenye chujio maganda yakabaki, mtori uliosagwa. Ya tano na ya sita ni vilaini vya kuponda kwa uma. Chakula kigumu nilianza wiki ya nane.

Usiruke hatua. Mishono ya ndani huioni, na kwa kuwa huioni utajiona umepona.

Kisahani, tonge na mpangilio

Sasa hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wanaonipigia simu wanakwama hapa.

Chakula changu kinaingia kwenye kisahani cha kikombe cha chai. Juu ya kisahani kile kuna zamu. Wa kwanza ni samaki, kuku, yai, dagaa au maharage. Wa pili ni mboga ya majani. Wali, ugali au ndizi huja mwisho, nafasi ikibaki, na miezi ile ya mwanzo mara nyingi haikubaki. Sisi tumelelewa kwamba chakula ni wali, samaki ni kitoweo tu. Geuza. Samaki ndiye chakula, wali ndio kitoweo.

Niliambiwa nisipungukiwe gramu 60 za protini kwa siku. Ukilisikia hilo unadhani lazima ununue unga wa kopo. Piga hesabu ya sokoni kwanza: yai moja lina gramu 6 hivi, mtindi wa mililita 250 una 8, na samaki aliyeiva wa gramu 100 ana zaidi ya 20. Dagaa wakavu ndio hazina yenyewe. Natoa vichwa, nakaanga bila mafuta mpaka wakauke kabisa, nawasaga, nachunga. Kijiko kimoja cha unga ule naukoroga kwenye maharage au mchicha, na huhisi mchanga mdomoni. Unga wa kopo niliutumia mwezi mmoja wa mwanzo, wakati hakuna kingine kilichopita, na ulinisaidia. Baada ya hapo soko la samaki la Deep Sea lilinitosha.

Tui usiliogope, ila tumia tui jepesi, lile la kukamua mara ya pili. Tui zito na mafuta mengi yalinipeleka chooni mbio. Na samaki mpike kwa mchuzi au kwa mvuke. Nguru wa kukaangwa mpaka akauke ananikwama hadi leo.

Nakula kwa mkono. Mtaalamu alinishauri kijiko cha chai, lakini mkono wangu unanieleza zaidi. Vidole vinakuta mwiba kabla ya koo, vinaponda nyama kabla ya meno, na vinapima tonge. Tonge langu ni punje ya mbaazi, si zaidi. Nalitafuna mpaka liwe uji, mara 20 hadi 30, nalimeza, kisha natoa mkono kwenye sahani na kuuweka gotini. Nikihesabu pumzi tatu ndipo narudi. Kisahani kile kinanichukua nusu saa.

Shibe ya sasa haiji kama ya zamani. Haijai tumboni. Kwangu mimi pua inaanza kuchuruzika, na mara nyingine kwikwi moja inanishtua. Ile ni kengele. Tonge moja baada ya kengele, ni kutapika ute mweupe na kifua kubana kwa saa nzima. Mwenzangu wa Korogwe yeye anapiga chafya. Jichunguze, mwili wako una kengele yake.

Maji usinywe na chakula. Acha kunywa unapokaa kula, subiri nusu saa baada ya kumaliza. Soda na kila chenye gesi niliacha moja kwa moja. Mkate mweupe laini na chapati vinaonekana vyepesi kutafuna, kumbe vinageuka donge la gundi. Niliwahi kula robo ya chapati wiki ya tisa na nikashindwa kumeza hata mate. Jaribu baadaye sana, kipande kilichokauka kwenye kikaango.

Kaimati mbili

Mwezi wa tatu nilikuwa kwenye shughuli, barabara ya 12, tumepika kwa watu 300. Kazi yangu ni kuonja. Nilionja kaimati mbili zilizolowa shira, moto moto, nikaendelea na jungu la pilau. Robo saa haikupita, moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likanilowesha mgongo mzima, tumbo likasokota. Binti ninayepika naye alinilaza kwenye mkeka stoo na kunipepea kwa ungo. Nilidhani ndiyo safari yangu.

Kilichotokea ni hiki: baada ya baipasi, sukari haikai tumboni, inamwagika kwa pamoja kwenye utumbo, na utumbo unavuta maji kutoka mwilini kuizimua. Ikikupata, lala chini, vuta pumzi, ngoja. Kwa kawaida inapita. Ipo na ya pili inayokuja saa moja hadi tatu baada ya kula, mwili umeshatoa insulini nyingi, sukari inashuka, unatetemeka na macho yanaona giza. Hiyo ikijirudia, mweleze daktari.

Tangu siku ile vitamu vyote anaonja binti. Mimi naonja chumvi, kwa ncha ya kijiko. Juisi ya miwa, halua na chai ya sukari, hivyo nimeviaga. Kwa wasiokuwa wapishi mtego uko kwenye chai ya ofisini na andazi. Ukimwambia mwenye kukuandalia mapema, hataona umemdharau.

Watu

Nyumbani kwetu mtu asiyekula ana hasira au anaumwa. Idi ya kwanza tulizunguka sinia, na wifi yangu, ambaye ndiye aliyepika, akanitazama.

“Wifi, mbona huli? Chakula kibaya?”

“Chakula kitamu, wifi. Nimeshashiba, nifungie nikale nyumbani.”

Alifurahi, akanifungia na nyama ya juu. Neno hilo, “nifungie”, limeniokoa mara nyingi. Na kwenye sinia napakua changu kwanza kwenye kisahani. Ukila moja kwa moja kutoka kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani, na mkono unafuata kasi ya wenzako.

Maneno ya mtaani yanaumiza. Nilishuka kutoka kilo 131 hadi 86, na watu wakaanza kuuliza kwa sauti ya chini nina ugonjwa gani. Nilichagua sentensi moja, “Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo kwa ajili ya kisukari, namshukuru Mungu,” na sikuiongeza. Wewe kama hutaki kusema, una haki. Lakini mtu mmoja anayelala nyumba moja na wewe lazima ajue kila kitu.

Mwezi wa nne nywele zilianza kutoka kwa vifundo kwenye kitana. Nililia. Niliacha kusuka mistari ya kuvuta, nikashika protini na vidonge, na baada ya miezi kadhaa zikarudi.

Dawa

Vidonge ni vya maisha, hata kama unajisikia mzima. Sehemu ya utumbo iliyorukwa ndiyo iliyokuwa ikifyonza sana madini chuma na kalsiamu. Mimi nameza multivitamini, vitamini D, madini chuma, na kalsiamu sitreti kwa mafungu, na kila miezi 3 nachoma sindano ya B12. Kalsiamu na madini chuma visikutane, viachanishe saa mbili. Chai nayo inazuia madini chuma, kwa hiyo kidonge hicho nakimeza usiku.

Kama unatumia dawa za kisukari au presha, usiendelee na dozi ya zamani kwa mazoea. Sukari yangu ilishuka ndani ya siku chache tu. Pima, na daktari apunguze. Daftari la vipimo nililiweka karibu na kete.

Kwenye pochi nina kadi niliyoiandika mwenyewe: nimefanyiwa baipasi, nisipewe dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini bila daktari wangu kuulizwa. Dawa hizo zinaweza kuleta kidonda kwenye kiungio cha tumbo na utumbo. Nilikwenda zahanati moja na maumivu ya mgongo, sindano ya diklofenaki ilikuwa imeshavutwa kwenye bomba nilipotoa kadi.

Kina dada, mimba isubiri mwaka hadi mwaka na nusu, na kumbuka uzito ukishuka uzazi unafunguka. Vidonge vya majira vinaweza visifyonzwe vizuri baada ya baipasi, ulizia njia nyingine.

Homa, moyo kwenda mbio umekaa, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda bega la kushoto, pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba: wiki za mwanzo hayo ni ya kwenda hospitali saa ile ile. Baadaye, choo cheusi, au kutapika siku nzima bila kitu kukaa. Kutapika kunakoendelea kunamaliza vitamini B1 na kunaweza kudhuru mishipa ya fahamu, kwa hiyo usikae nyumbani ukijipa moyo.

Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga, kwa sababu maji ya siku nzima hayawezi kuingia kwa saa za usiku ukinywa kwa funda. Ya pili aliniruhusu baada ya vipimo. Futari yangu huanza kwa maji, supu ya samaki baada ya Magharibi, kisha napumzika. Muhogo wa nazi naugusa mwisho, vipande viwili, na kete zinarudi mezani mpaka daku.

Kesho nina harusi Chumbageni, watu 200. Kwenye kikapu nimeshaweka mayai mawili ya kuchemsha, chupa ya mtindi, unga wa dagaa kwenye kikopo, kisahani changu na kikombe cha kahawa. Binti anapitia saa kumi na moja alfajiri. Pilau tutaanza na vitunguu.