Somo: Ukuta wa chokaa, saa sita mchana, kwa picha nyeusi na nyeupe

Mafundi wengi wa picha watakwambia saa sita mchana uweke kamera mfukoni. Kwa sura ya mtu ni kweli, macho yanageuka mashimo. Kwa kuta za Mji Mkongwe, Unguja, hiyo ndiyo saa ya kazi. Jua likiwa utosini, mwanga unauparuza ukuta kutoka juu kwenda chini, na kila kinundu cha chokaa kinatupa kivuli chake. Isitoshe, kwenye vichochoro vile jua haliingii ila muda huo.

1. Jua saa yako. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo mwanzoni mwa Machi na mapema Oktoba jua hupita karibu utosini kabisa. Mwezi Machi hilo huwa yapata saa sita na nusu. Kabla ya hapo fuata ukuta unaotazama mashariki, baadaye wa magharibi.

2. Tafuta palipobanduka, mawe ya matumbawe yanapochungulia. Sogea mpaka waya za umeme na madirisha yasionekane tena. Mtu akiweza kusema "huu ukuta wa fulani," bado hujasogea.

3. Upe ukuta umbo. Mparuzo mtupu unachosha jicho. Ukingo wa baraza unatosha, au kivuli cha boriti kilichokatiza. Kwenye mlango wa nakshi chukua msumari mmoja wa shaba na kivuli chake. Ukichukua kumi umepiga kadi ya watalii. Mwaka 1916 mpiga picha Paul Strand alipiga vivuli vya kibaraza huko Connecticut, Marekani, na vivuli vikawa ndiyo picha yenyewe.

4. Gusa skrini kwenye chokaa yenye jua, ushushe mwanga mpaka kivuli kikaribie weusi. Usikionee huruma.

MASWALI

Mwalimu, mlango wa kahawia na ukuta wa buluu vyote vimetoka kijivu kimoja. Nimekosea wapi?
Hujakosea. Rangi mbili tofauti zinaweza kuwa na mwanga sawa. Piga kwa rangi, geuza baadaye kwenye programu, kisha shusha buluu peke yake. Ndiyo maana sipendi kupiga nyeusi na nyeupe moja kwa moja.

Na Juni je, kaka?
Jua linakuwa kaskazini, mchana hufika kama nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Ukuta unaotazama kaskazini bado unaparuzwa vizuri. Wa kusini uache ulale.

Shikamoo mwalimu. Niko masomoni Oslo, Desemba jua halipandi kabisa. Nifanyeje?
Marahaba. Huko mchana halifiki hata nyuzi 10, basi linaparuza ardhi badala ya ukuta. Inamisha kamera: theluji iliyokanyagwa, mawe ya barabara. Glavu usisahau, na betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, baridi inaimaliza upesi.