Somo: Lori la deraya la Vietnam kwa bati la kopo na ndala kuukuu

Wengi walioomba somo hili walitaka nianze na bunduki. Hapana, tunaanza na lori. Ukilikosea lori, hata ukilipachika bunduki nzuri kiasi gani litabaki mchezo wa mtoto lenye vijiti juu. Siri ya gari hili ni uzito. Mtu akilitazama kwa mbali aone kwamba limebeba chuma na springi zimelala.

Kwanza tulijue tunalolitengeneza. Ni M54 la jeshi la Marekani, lori la tani 5, ekseli tatu zote zinavuta, tairi kumi. Kiwandani lilitoka la mizigo tu. Tarehe 2 Septemba 1967, wakati wa vita vya Vietnam, msafara wa 8th Transportation Group, kikosi cha uchukuzi cha jeshi hilo, ulikuwa ukirudi mji wa Qui Nhon kutoka Pleiku kwa barabara namba 19. Ukaviziwa karibu na An Khe. Madereva 7 waliuawa na malori mengi yakaharibiwa. Baada ya hapo madereva na mafundi wao wakaanza kuyavisha malori kinga wenyewe. Walianza na mifuko ya mchanga juu ya M35, lori dogo la tani 2 na nusu, lakini mvua za kule zikaloweka mchanga na gari likaelemewa. Wakageukia mabamba ya chuma, M35 nalo likashindwa kuyabeba, ndipo M54 likachukua kazi.

Ndiyo maana hutapata mchoro mmoja wa kiwanda wa lori hili. Kila kikosi kilichomelea kwa chuma kilichopatikana, na hakukuwa na mawili yaliyofanana sawasawa. Kwetu sisi tunaookota makopo hiyo ni nafuu kubwa.

Vipimo

Natumia 1 kwa 20. Mita moja ya lori inakuwa sentimita 5, hesabu unaipiga kichwani. M54 bila winchi lina urefu wa karibu mita 7.5, kwa hiyo mfano wako ni sentimita 37 na nusu. Upana ni karibu mita 2.5, yaani sentimita 12 na nusu. Kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya zile mbili za nyuma weka sentimita 22.7. Chora haya yote kwenye boksi lililofunguliwa, upande na juu, kwa ukubwa uleule wa mfano, ulilaze mezani, na kila kipande kipimwe juu yake kabla ya gundi.

Hatua ya 1: Tairi

Hapa ndala zinatusaidia kuliko mtu angedhani. Tairi la M54 lina unene wa inchi 11, ambao kwa kipimo chetu ni sentimita 1.4, na soli ya ndala ya kawaida ambayo haijaisha inakaribia hapohapo. Kipenyo kinatakiwa sentimita 5.4. Chukua kile kikopo kidogo cha nyanya, kata mdomo, unoe ukingo kwa tupa, kisha ukikandamize kwenye soli huku ukikizungusha. Kinatoa duara dogo kidogo kuliko hesabu, lakini jicho halitambui. Usipige nyundo, soli inabonyea na tairi linatoka limepinda ubavu.

Unahitaji kumi, mawili mbele na manane nyuma, kwa maana ekseli za nyuma zina tairi mbilimbili kila upande. Kata mbili za ziada. Kashata za tairi zichonge kwa kipande cha msumeno wa chuma: mtaro mmoja kulia, mmoja kushoto, ipishane. Halafu pitisha msasa katikati ili ule mng'ao wa ndala uishe. Ndala ya bluu ni sawa, yote itapakwa rangi.

Hatua ya 2: Chesisi na springi

Fito mbili za mbao nyepesi, viunganishi vinne, gundi ya mbao, acha ilale usiku. Ekseli ni spoku za baiskeli.

Springi ndizo za kukaa nazo. Kata vibati vyembamba vya kopo, upana wa milimita 4, urefu ukipungua kimoja hadi kingine. Pinda kila kimoja juu ya peni, uvipange na kuvifunga katikati kwa waya mwembamba. Za nyuma zipinde kidogo sana, karibu zinyooke. Sasa nenda Kibirizi, hapa Kigoma, uombe wavuvi chubwi chakavu za nyavu, uzibandike chini ya sakafu ya bodi, nyingi zaidi juu ya ekseli za nyuma. Lori litakaa chini lenyewe.

Hatua ya 3: Kebini na bodi

Boksi gumu linatosha. Boneti ya M54 ni ndefu na bapa, madigadi ya mbele pia ni bapa yenye kona kali, usiyaviringe kama ya malori ya siku hizi. Paka gundi ya mbao iliyolainishwa kwa maji nje na ndani, mara mbili, ndipo boksi ligome kunywa unyevu. Nyumba zetu za karibu na ziwa zinajulikana wakati wa masika.

Hatua ya 4: Deraya

Bati la kopo la maziwa ya unga. Vaa glovu, ulikate kwa mkasi wa fundi bati, usitumie mkasi wa nguo wa mtu. Ukuta uwe wa tabaka mbili, wa nje kwenye ubavu wa bodi na wa ndani ukiwa umeachana nao kama sentimita moja. Mabamba mawili yenye nafasi katikati yalikuwa na maana yake: risasi inapotoboa la kwanza inapoteza nguvu na kuyumba, ikifika la pili haina kasi ileile. Ukibandika bati moja nene umetengeneza kitu kingine. Urefu wa ukuta ni sentimita 6, sawa na kifuani kwa askari aliyesimama.

Alama za kuchomelea zifanye kwa gundi ya mbao kwenye ncha ya kijiti, nukta moja baada ya nyingine, zisinyooke sana. Waliochomelea walikuwa na haraka.

Hatua ya 5: Bunduki

Bunduki yenyewe ni M2, rashasha nzito ya Marekani. Ina urefu wa mita 1.65, kwako ni sentimita 8 na kidogo. Mtutu ni spoku, unene wake unaingia vizuri. Kisanduku cha nyuma chonga kwa mbao. Bunduki mbili hadi nne zinatosha.

Hatua ya 6: Rangi na vumbi

Rangi ya kijani ya jeshi ni shida kuipata madukani Mwanga, hapa Kigoma. Nunua kopo dogo la njano na dogo la nyeusi, anza na njano, dondosha nyeusi kidogokidogo. Utaona kijani kilichofifia kinajitokeza bila tone la bluu. Ongeza tina, paka nyembamba. Malori mengine yalipakwa nyeusi tupu na kuandikwa jina kubwa ubavuni. Wanaopenda kusoma maandishi nyuma ya malori ya Kasulu watajisikia nyumbani.

Nyanda za juu za Pleiku zina udongo mwekundu, nasi mwekundu tunao wa bure. Uchekeche kwa kitambaa cha soksi, upulizie maji yenye gundi kidogo chini ya madigadi, nyunyiza, kung'uta. Uwe mwingi chini, juu uwe haba.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Ujiji: Fundi, kwa nini nisitumie lile povu jeupe la kufungia redio badala ya boksi? Ni jepesi kukata.
Jibu: Rangi yenye tina inaliyeyusha mbele ya macho yako, kaka. Na ni jepesi mno, tunatafuta uzito.

Mwalimu wa msingi, Gungu: Shikamoo. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wanaweza?
Jibu: Marahaba mwalimu. Hatua ya kwanza hadi ya tatu wanaweza kabisa, ila vibati vya springi ukate wewe. Magari ya makopo wanatengeneza tangu wadogo. Bati la deraya nalo ukate wewe au fundi bati, kisha ukingo wote upigwe tupa kabla ya kuwapa.

Mwanachama wa Mwandiga: Kigoma tuna meli ya Liemba, nayo ilibeba mzinga. Lori la Vietnam la nini?
Jibu: Swali la haki, mkuu. Enzi za Wajerumani, ilipoitwa Graf von Götzen, ilifungwa mzinga wa milimita 105 kutoka manowari yao Königsberg. Lakini ina urefu wa mita 71 hivi. Kwa 1 kwa 20 ni zaidi ya mita 3 na nusu, mama watoto atakufukuza nayo. Tutaifanya kwa 1 kwa 100.

Dada wa Kasulu: Kuna lori halisi lililobaki, nione picha za kuaminika?
Jibu: Lipo moja, jeusi, kwenye makumbusho ya uchukuzi ya jeshi la Marekani, Fort Eustis, Virginia. Tafuta picha zake za ndani ya bodi, ndipo utaona ukuta wa pili ulivyokaa.

Mwanachama wa Urambo, Tabora: Nikimaliza nataka kulileta Kigoma kwa treni. Litafika zima?
Jibu: Fanya bunduki ziwe za kuchomoa. Lori lifungwe kwa kamba juu ya kipande cha ubao, kamba ipite kwenye chesisi na si kwenye ekseli, halafu weka gogo dogo chini ya chesisi ili tairi zining'inie. Zile chubwi zikirushwarushwa usiku kucha zinavunja springi.